Kitabu Kilichopigwa Pasi

Bi Vasantha alikuwa na jina la utani ambalo wanafunzi wake pale chuoni Singapuri walidhani halijui: Bi Raba. Kila ulipokaribia mtihani wa fasihi, ule ambao mtahiniwa anaruhusiwa kuingia na kitabu, yeye ndiye aliyevikagua vitabu vyote. Kupigia mstari, ruksa. Kupaka wino wa njano, ruksa, paka mpaka ukurasa ufanane na mchuzi wa binzari. Lakini kuandika neno, kukunja kona au kubandika kikaratasi, ole wako. Alivitikisa, akavigeuza, na kusema kweli aliifurahia kazi hiyo kuliko kufundisha.

Basi siku moja kabla ya mtihani akakifungua kitabu cha Kok Wee, kijana mpole aliyekuwa anarudia mwaka na hii ndiyo nafasi yake ya mwisho. Lahaula! Pambizo zote zilijaa wino wa bluu. Maneno yenyewe yalikuwa ya Bi Vasantha, kama alivyoyatamka darasani, na pale alipokohoa kijana kaweka nukta tatu. Akamnyang'anya palepale. Alipokwisha kukifungia kabatini ndipo akili ikamrudia. Vitabu vya akiba vimekwisha, madukani havipo, na mtoto huyu kesho ataingia mikono mitupu. Kosa lake kubwa ni kumwamini mwalimu wake.

Kilibaki kitabu kimoja tu, cha Bi Vasantha mwenyewe, alichokijaza maelezo ya penseli tangu aanze kazi. Alikuwa akitamba kwamba siku moja atayachapisha.

Akaketi chumba cha walimu na raba mkononi, kahawa yake ikining'inia dirishani kwenye mfuko wa plastiki, kama inavyouzwa kule. Kila alichotaka kukifuta ilibidi kwanza akisome, na hapo aibu ikamshika. Kitabu chenyewe kilikuwa tamthilia ya mama aliyewatelekeza wanawe, akarudi wamekwisha kuwa watu wazima. Mama anakunywa chai: "Ishara ya kifo!" Mama anafunga mlango: "Ishara ya kifo!" Mlango uleule unafunguliwa, na yeye kaandika "Uhuru??" Mahali pengine, penye kilio kikubwa, palikuwa na "kanunue samaki". Akamsomea Bi Rohaya wa jiografia, aliyecheka mpaka akavua miwani.

"Haya ndiyo unayowakaririsha watoto wa watu?"

"Wapo waliofaulu."

"Mwenzangu, hao wangefaulu hata wangefundishwa na paka."

Kona zilizokunjwa nazo zilimtoa jasho. Akaazima pasi ya chumba cha maigizo na kuzinyoosha moja moja, mtu mzima mwenye shahada mbili anapiga kitabu pasi. Kilipokuwa cheupe pee, akakikagua kwa ukali wake wote, akakipitisha, akampa Kok Wee.

Kesho yake Kok Wee alipotoka kwenye mtihani alimkuta mwalimu ngazini, kajifanya anapita tu. Akamuuliza kama kitabu kimemfaa.

"Sana, Mwalimu," kijana akasema, kisha akasita. "Ila penseli unaikandamiza."

Kok Wee akafungua ukurasa wa mwisho, mama anapobisha hodi, akauelekeza kwenye mwanga. Penseli ilikwisha kutoka, lakini alama yake ilikuwa imezama kwenye karatasi na inasomeka: "Sielewi kwa nini amerudi." Bi Vasantha aliyaandika mwaka wake wa kwanza kazini, kabla hajaanza kujua kila kitu.

"Swali lilikuwa hilohilo, kwa nini amerudi," Kok Wee akasema. "Nilikwama, nikajiona mjinga peke yangu. Nilipoona kumbe hata wewe, nikapata nguvu, nikaandika langu."

Kanuni zilikataza yaliyoandikwa. Kuhusu yaliyofutwa vibaya hazikusema kitu, na Bi Raba, kwa mara ya kwanza maishani, hakutaka kumuuliza mtu.

"Uliandika nini?"

"Kwamba hakurudi kuomba msamaha. Alirudi ili agombezwe na watu wanaomjua. Kule alikokuwa hakuna aliyemjali kiasi cha kumgombeza."

Miaka yote ile ya chai na milango, hilo halikuwahi kumpitia Bi Vasantha kichwani, na lilimuuma na kumfurahisha kwa pamoja. Akaketi palepale ngazini, akakichukua kitabu, akakifungua magotini, akapapasa nywele zake mpaka akaipata penseli.

"Rudia polepole," akamwambia, "niandike."