Sentimita Sita za Nyuma

Gereji walimwita Jeki, kwa sababu kila kitu kilichokataa kuinuka aliitwa yeye akiinue. Asubuhi hiyo, uani kwao, kazi ilikuwa kinyume chake: kulikuwa na gari la kushusha, na baba yake mzazi alikuwa amekaa hatua mbili kutoka hapo, akimtazama binti yake kwa jicho la mtu anayekagua pindo la suruali.

Baba alikuwa mshonaji wa suti. Alishona miaka thelathini na minane, hadi sukari ilipomharibu mguu wa kulia na madaktari wakaukata juu ya goti. Tangu hapo, miezi saba sasa, hakuwa amevuka geti. Si kwamba hakuwa na kiti cha magurudumu. Alikuwa nacho, na humo ndani alikiendesha kwa mwendo wa kuwatoa watu roho. Tatizo lilikuwa gari. Kigari chao cha mizigo kilikuwa na mlango mpana wa nyuma, na Jeki alikuwa ametengeneza ubao wa kuegemeza pale mlangoni ili kiti kipande juu yake. Mzee alijaribu mara moja. Akasukuma, akasukuma, akakwama viganja viwili kabla ya kufika, kiti kikaanza kumrudisha chini. Majirani wawili wakaja mbio kumbeba, naye akawapa maneno ambayo ni afadhali yabaki huko huko uani.

"Mimi si gunia," alisema walipokwisha kuondoka. "Siku nitakayoingia humo kwa mikono yangu ndiyo siku nitakayorudi dukani. Ikishindikana, mwenzangu achukue meza na mikasi. Mimi basi."

Na mzee hakuwa mtu wa kutishia nyau. Alikuwa ameshampigia simu mwenzake wa dukani: Jumatatu meza ihamishwe. Leo ilikuwa Jumamosi.

Ubao mrefu zaidi usingeingia garini, kwa hiyo gari lenyewe ndilo lililopaswa kushuka. Jeki alipima kutoka chini hadi kizingiti cha mlango wa nyuma: sentimita hamsini na mbili. Ikifika arobaini na sita, alipiga hesabu, mikono ya mzee itatosha. Akaagiza springi ambazo si za waliolitengeneza gari. Fupi kuliko zile za awali, lakini waya wake mnene zaidi, ili gari likae chini bila kulegea.

"Hizo za zamani si ungezikata tu?" baba aliuliza.

"Wapo wanaozikata, baba. Gari linabaki kudunda kama mpira, na siku moja springi inachomoka barabarani."

"Hata suruali wapo wanaozipunguza bila kupima," mzee akasema. "Wateja wao nawajua. Huja kwangu wakilia."

Jeki aliinua gari nyuma, akaliweka juu ya stendi za chuma, akatoa magurudumu. Akafungua bolti za chini za shokapu zinazozuia mtikisiko, kisha akaishusha ekseli, ule mhimili wa magurudumu, taratibu kwa jeki hadi springi ya kwanza ikalegea. Akaichomoa kwa mkono mmoja na kutaka kuitupa pembeni.

"Lete nione," baba akasema.

Mzee akaipakata. Akaibonyeza kwa viganja viwili, viganja vile vile vilivyobonyeza pasi nzito maisha yake yote. Haikusogea. Akaegemea kwa kifua kizima, akakunja uso, akasukuma. Wapi.

"Hii ndiyo iliyokuwa inatubeba?"

"Hiyo na mwenzake wa upande wa pili."

"Wewe, marehemu mama yako, majora yangu ya vitambaa na ile friji?"

"Na ile friji."

Mzee akaigeuza, akaipangusa vumbi kwa ncha ya shati lake, yeye ambaye hakuwahi kuvumilia doa kwenye shati. "Miaka yote hiyo," akasema kwa sauti ya chini. "Na wala haijachoka." Jeki alizoea kutoa springi kumi kwa wiki na kuzitupa kwenye kona kama vyuma chakavu. Alijikuta anaitazama ile springi kana kwamba hajapata kuiona.

Akaingiza zile mpya. Akabadilisha pia bushi, yaani ile mipira inayokaa kwenye viungo vya mikono ya chuma inayoishika ekseli, maana za zamani zilikuwa zimepasuka. Kisha akakaza. Jeki alikuwa na sheria moja, na ndiyo iliyompa sifa gereji: gari halishuki kwenye stendi zake likiwa na bolti hata moja iliyolegea. Alikaza hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Akarudisha magurudumu, akalishusha gari, akalitikisa mara tatu lizoee, akatoa utepe wa kupimia.

Hamsini.

Akapima tena. Hamsini. Akazunguka upande wa pili, akapima huko. Hamsini, bila huruma. Gari lilikuwa limeshuka sentimita mbili tu, na kilichoshuka zaidi ya hapo kilikuwa moyo wake. Alichungulia springi zote mbili, zimekaa sawasawa. Akatafuta kosa kila mahali asilione. Akakaa kwenye sanduku la spana, akashindwa hata kufuta jasho.

"Nisamehe, baba. Labda wameniuzia zisizo zenyewe."

Alitegemea mzee anune, au aseme lile neno lake la "basi" na kugeuza kiti kuelekea ndani. Mzee hakununa. Alisogea, akainama ubavuni mwa kiti, akapenyeza mkono nyuma ya gurudumu na kupapasa kile kiungo chenye mpira, polepole, kama anavyopapasa bega la koti lililokataa kukaa.

"Hapa pamejikaza," akasema. "Ulipofunga hizi bolti, gari lilikuwa wapi?"

"Kwenye stendi."

"Magurudumu yananing'inia?"

"Yananing'inia, ndiyo."

Mzee akafikiri kidogo. "Mimi mteja wa suruali simpimi akiwa amelala kitandani, mama. Anasimama, tena na viatu vyake, uzito wake wote uwe chini. Wewe hili gari umelifunga likiwa limelala. Sasa limesimama, nguo inalibana."

Jeki aliwahi kufundishwa hilo, miaka ile ya kwanza kabisa: mpira wa bushi hushikwa pale pale ulipokazwa, na ukilazimishwa kwenda kwingine hujikunja na kusukuma kurudi ulikotoka. Ile sheria yake ya kujivunia ndiyo iliyomsahaulisha. Na aliyemkumbusha ni mtu ambaye hajawahi kushika spana, aliyesoma chuma kwa vidole vya kushonea.

Akazuia magurudumu kwa vipande vya mbao, akalala ubavu, akanyoosha mkono na spana ndefu. Akalegeza bolti ya kwanza. Mpira ukaguna. Akalegeza zote, na gari zima, bila kishindo chochote, likaanza kukaa. Lilishuka taratibu kama bibi anayejishusha kwenye kiti chake, hadi likatulia. Jeki akakaza upya, safari hii gari likiwa limesimama kwa uzito wake, kisha akaweka utepe.

Arobaini na sita.

Akaegemeza ubao. Mzee akasogeza kiti, akapangusa viganja kwenye suruali.

"Usikae nyuma yangu."

"Sikai."

Akapanda. Alipofika pale alipokwama siku ile, kiti kikasimama. Shingo ikajaa mishipa, na Jeki akaificha mikono yake mwenyewe mgongoni isije ikamsaliti. Kisha mzee akatoa pumzi kwa nguvu, akasukuma, magurudumu ya mbele yakavuka kizingiti, na kiti chote kikaingia. Gari likabonyea kidogo kumpokea, likatulia. Springi zilikuwa zimembeba. Jeki alisimama akizikodolea macho, akiona kazi ya mikono yake imemshika baba yake.

Akachungulia ndani.

"Baba?"

"Nipishe."

Akamuona anarudi kinyumenyume, akiyabana magurudumu kwa viganja hadi chini. Shati limelowa, na macho pia.

"Umeumia?"

"Hapana. Nataka kupanda tena."

Akapanda tena. Akashuka. Akapanda mara ya tatu, ubao ukigonga na kulia chini yake, na Jeki akatoa simu kumwambia mwenzake wa dukani kwamba ile meza Jumatatu isiguswe.

"Hizo kelele ni za nini?" akauliza yule mwenzake.

Jeki akaisogeza simu karibu na ubao.

"Ni baba," akasema. "Anapanda gari."