Chubwi Kwenye Pezi la Samaki

Mama Mizani hakutulia tangu mashua ya kwanza ilipogusa gati. Mizani alishaipangusa, akaipangusa tena, beseni akalisogeza kulia, akalirudisha kushoto, mpaka seremala, ambaye siku za mashindano ndiye mwamuzi mkuu, akamwambia, "Mama, hiyo mizani utaibandua rangi."

"Nikikaa nitasinzia."

"Wewe usinzie leo? Labda kesho kutwa."

Siku nyingine zote mama huyu huuza samaki sokoni, na jina walimpa wateja wake, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuona kidole chake kikiegemea sahani ya mizani. Ndiyo maana watu wa mashindano ya ndoana walimfuata yeye awapimie. Walimfuata mwaka juzi, wakamfuata mwaka jana, na mwaka huu tena, ila mwaka huu mdogo wake naye alikuwa mshindani.

Mdogo wake ni mvuvi wa nyavu, mwembamba, watu wanamwita Waya. Injini ya mashua yake ilikufa, na fundi aliifungua, akaitazama, akaifunga bila kusema neno. Tangu siku hiyo Waya anapiga makasia kwenda na kurudi, na akifika sokoni wenzake wanakunja magunia. Sasa zawadi ya mshindi ilikuwa injini, mpya, imesimamishwa mezani chini ya turubai, na mkewe Waya alikuwa ameketi ubavuni mwake kama mlinzi wa benki.

"Wifi, ukizidi kuitazama hivyo itajiwasha yenyewe," Mama Mizani alimtania.

"Iache ijiwashe. Mabega ya mume wangu nimeyachua mpaka chai ninayoshika inanuka dawa."

Walicheka, lakini Mama Mizani alicheka macho yake yakiwa majini.

Ghuba ile hufungwa miezi ya samaki kuzaa. Watu wa nyavu hawaruhusiwi kuingia humo hata kwa kupita. Watu wa ndoana, na siku ile Waya alikuwa mmoja wao, walipewa siku moja tu, kwa sharti kwamba kila samaki arudi majini akiwa hai. Mashua moja samaki watano. Mfupi hahesabiwi. Aliyefika kwenye mizani amekufa hahesabiwi. Na samaki atakayekutwa na kitu kisicho chake, huyo anaondolewa kwenye hesabu, bila maelezo. Hiyo ya mwisho iliongezwa baada ya bwana mmoja kuwalisha samaki wake kokoto.

Watu wa nyavu walikuja kuangalia. Walisimama upande wa pili wa kamba, mikono nyuma, hawasemi sana.

Zamani kila samaki alikuwa ananing'inizwa kwa taya, apimwe, apigwe picha, apimwe tena, na wengi walikuwa wanafia hapo hapo gatini. Mama Mizani ndiye aliyepiga kelele kikaoni mpaka wakachoka naye wakakubali jambo lake. Mwaka huu wote watano walitiwa pamoja kwenye mfuko wa wavu uliolowa, wakapimwa mara moja, mbio mpaka kizimbani, ule uzio wa majini kando ya gati ulio wazi upande wa ghuba. Ubao wa urefu ulitolewa kwa samaki aliyetiliwa shaka tu. Kazi ilikwenda haraka hata seremala akasifu.

Mfamasia alipima, akawapita wote. Alikuwa mtu mpole, mwenye mashua nzuri na kofia pana, na alishinda mwaka jana. Mwisho kabisa akaja Waya, anahema, amebeba tangi lake na kulikumbatia kama mgonjwa. Mfuko ukapanda mizani. Mshale ukacheza, ukatulia. Mama Mizani akasoma, akamwita seremala asome naye.

Waya alikuwa amempita mfamasia kwa uzito wa kitunguu.

Mkewe Waya alishika injini kwa mikono miwili. Kule kwenye kamba mtu akasema, "Kumbe hata kwa kubembeleza na ndoana anaweza," na watu wa nyavu wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Mama Mizani aliwabeba wale watano hadi kizimbani, akachutama, akawa anawaachia mmoja mmoja, mkono chini ya tumbo. Wa nne alikuwa mzito upande mmoja. Akapapasa. Chini, kwenye pezi la tumboni, vidole vyake vikagusa kitu kigumu.

Kilikuwa kibanio chenye chubwi, kale karisasi ka kuzamishia mshipi. Alikijua. Samaki akivutwa kutoka kina kirefu hewa humvimbisha, akageuka tumbo juu ndani ya tangi, akafa polepole. Wenye huruma humbana chubwi kwenye pezi la chini, akakaa wima, akapumua. Tangini inaruhusiwa. Kabla ya mizani lazima kitoke.

Alikitoa chini ya maji, akakifunga kwenye pindo la kanga yake kiunoni. Samaki akazama, akaenda zake, mzima.

Hapo mama wa watu akaanza kutembea. Alikwenda mpaka kwenye mizani, akarudi kizimbani. Akanawa mikono iliyokuwa safi. Kipande kile hakikuwa kikubwa, lakini kilikuwa kizito kuliko kitunguu. Na hata kingekuwa chepesi kama unyoya, sheria haikuuliza uzito. Ule mfuko wa pamoja ulikuwa wake, yeye ndiye aliyeutaka. Angepima mmoja mmoja kama zamani, angekiona mapema, na Waya angekitoa kabla ya mizani kusomwa.

Waya alimfuata, anatabasamu nusu.

"Dada, hujaona chubwi langu? Nilibana manne, mkononi ninayo matatu. Nadhani moja limeangukia kwenye mashua."

Mama Mizani alifungua pindo la kanga akamwonyesha.

Waya alitazama, uso ukamshuka. "Lilikuwa kwa nani?"

"Kwa yule mweusi, wa nne."

"Mimi sikuiba uzito, dada. Yule alikuwa anakufa. Nilimbana ili aishi."

"Najua."

"Sasa kama unajua?"

"Kama lingekuwa la mfamasia, ungetaka ninyamaze?"

Waya aligeuka akatazama meza. Mkewe alikuwa anamwonyesha jirani pale kamba ya kuwashia inapovutwa. "Amelala na furaha ile tangu wiki ile waliyotangaza," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi siwezi kwenda kumwambia. Wewe ukisema, umwambie na yeye."

"Nitamwambia."

"Basi sema haraka, kabla sijakuomba usiseme."

Seremala alikuwa ameshika kipaza sauti tayari. Mama Mizani alimwekea kile kibanio kiganjani, akamweleza kwa maneno machache. Seremala alikunja uso kama mtu aliyepewa dawa chungu.

"Mama, si ungekitupa majini tu?"

"Ningekitupa, na mwakani ungemwita nani apime?"

Wakatangaza. Samaki mmoja wa Waya akatolewa, Waya akaporomoka mpaka wa tatu, injini ikawa ya mfamasia. Palikuwa na minong'ono. Mkewe Waya alimsikiliza wifi yake mpaka mwisho, kisha akaipangusa ile injini pale alipoishika, taratibu, kama anayefuta alama.

"Wewe na hiyo mizani yako," alisema. "Ungeolewa nayo."

Mfamasia alipokuwa anapewa mkono, mmoja wa watu wa nyavu akavuka kamba. Alikuwa mwenyekiti wao. Hakwenda mezani. Alikwenda kizimbani, akaita, "Mezani mmemaliza? Na hawa?"

Samaki wa mfamasia walikuwa wameanza kuelea. Kwenye mizani walikuwa hai, kweli, seremala alishuhudia mashavu yao yakicheza. Sasa matumbo meupe yalikuwa juu, wote watano, wakipiga mkia wasiende popote.

"Sheria inasema hai kwenye mizani," seremala alisema, lakini hakuisema kwa nguvu.

"Sisi tumeondoa nyavu humu ghubani miezi hii yote kwa ajili ya mizani?" mwenyekiti akamuuliza.

Mfamasia alivua kofia. "Mimi nilidhani wamechoka tu. Nifanye nini?"

Mara maji yakaruka. Waya alikuwa ameingia na nguo zake, yale matatu mkononi. "Mshike huyo, usimminye," alimwambia mfamasia. "Hapana, kwa chini. Wewe unauza dawa au unauza matofali?" Mfamasia akaingia naye, na suruali yake nzuri. Seremala akarudisha la nne bila kuombwa. Wa tano hakupata chubwi. Mama Mizani alimshika kwa mikono yake, wima, akiwa amepiga magoti gatini, mpaka magoti yakafa ganzi, na hata hivyo hakuwa na hakika naye. Alipomwachia alizama kidogo, akapanda, akazama tena.

"Mwakani uandike kwamba samaki ahesabiwe baada ya kizimba, si baada ya mizani," alimwambia seremala.

"Tutaongea kikaoni."

"Nitakuja na kelele zangu."

Jua lilikuwa bado kali walipoondoka, wote watatu katika mashua ya Waya. Yeye alilowa mpaka kifuani, makasia mkononi. Mkewe alikaa mbele, mgongo kwao. Mama Mizani alikaa nyuma kabisa, akageuka mara kwa mara kutazama kama kuna kitu cheupe juu ya maji ya ghuba. Kwa jua lile kila wimbi lilikuwa jeupe.

"Wifi," mke wa Waya alisema bila kugeuka, "hapo ulipokaa ni mahali pa injini."

Mama Mizani alisogea kando ya mdogo wake, akachukua kasia moja.

"Taratibu," Waya alisema. "Unatuzungusha."