Swali la Ufukweni

Maji ya lambo yaliponifika kifuani nilisimama, nikakataa kwenda mbele.

"Mbona umesimama?" Stumai aliniuliza kutoka ukingoni.

"Baridi."

"Baridi ilikuwepo tangu magotini, Baba Lydia. Hiyo sasa ni hofu."

Alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kajifunga vitenge viwili juu ya sweta, chupa ya chai iko miguuni pake. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa tatu, mwaka jana, baada ya misa ya kwanza. Ukungu ulikuwa bado umelalia mashamba ya Pito, na ng'ombe waliokwisha kunywa walisimama upande wa pili wakinitazama kama wanaomtazama mtu aliyerukwa na akili. Nilikuwa na miaka hamsini na minne. Nilivaa bukta niliyoichagua kwenye mitumba, nami nilikuwa najifunza kuogelea kwa sababu mdogo wangu alikuwa amenialika tukazamie pamoja baharini, upande wa pili wa dunia.

Sisi watu wa juu tunayajua maji ya kunywa, ya kunywesha mifugo na ya kupikia pombe ya ulezi. Maji ya kulala juu yake hatuyajui. Stumai alizaliwa Kasanga, ziwani, na alikuja Sumbawanga mjini kuuza samaki wakavu, migebuka. Nilipomwomba anifundishe aliniangalia muda mrefu, akauliza, "Mkeo angekuwepo angesema nini?" Nikamwambia Leonia ana miaka mitatu kaburini, na angecheka. Akasema basi Jumapili.

"Weka uso ndani," alisema siku ile. "Toa pumzi taratibu. Unapigana na maji, Baba Lydia. Yamekukosea nini?"

Nikaweka uso ndani ya maji ya ng'ombe, nikafumbua macho, nikaona udongo mwekundu tu.

*

Mdogo wangu ni padri. Anaitwa Maximilian, nami namwita Maxi. Shirika lake lilimpeleka Bonaire, kisiwa kidogo cha bahari ya Karibi karibu na Venezuela, na alikuwa na miaka tisa huko. Kabla ya mambo haya tulikuwa tukipigiana simu Krismasi na Pasaka. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, mvua zimenyesha, mahindi yanaendelea vizuri, basi kaka, Mungu akulinde. Dakika nne, tano.

Kisha Januari ile alinipigia siku ya kazi, saa moja jioni. Kwake ilikuwa saa sita mchana. Nilikuwa nimezima mashine ya kusaga, nafagia pumba.

"Kaka, mwaka huu natimiza miaka ishirini na mitano ya upadri," alisema. "Waumini wameniuliza nataka zawadi gani. Nimewaambia nataka tiketi ya kaka yangu."

"Mimi? Nije kufanya nini huko?"

"Tukazamie."

Nilidhani sikusikia vizuri. Sikio langu la kushoto lina shida, maana nimesimama kando ya injini miaka thelathini na mmoja. Akarudia. Muumini wake mmoja, mwenye duka la kukodisha mitungi ya hewa, ndiye aliyemfundisha. Huko hakuhitajiki mashua, alisema. Barabara inafuata bahari, na kandokando yake kuna mawe yaliyopakwa rangi ya njano, kila jiwe limeandikwa jina la mahali pa kuingilia. Unaegesha gari, unavaa mtungi mgongoni, unashuka majini kwa miguu yako kama mtu anayevuka mto. Hatua chache tu, chini yako kuna matumbawe.

"Kule chini, kaka, hakuna anayeongea," alisema. "Miaka tisa nahubiri kwa Kipapiamento cha hapa, naungamisha kwa Kiholanzi kibovu. Naota kwa Kifipa, nikiamka sina wa kumsimulia. Kule chini wote ni mabubu. Napumzika."

Hapo niligundua kwamba simu ile yote tulikuwa tumeizungumza kwa Kifipa, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa akiirefusha.

Tangu siku hiyo alinipigia kila Jumatano. Nilinunua daftari. Nikaandika majina ya mawe ya njano jinsi yalivyonifikia sikioni, na karibu na kila jina nikaandika alivyonieleza: hapa miamba inateleza, hapa wimbi ni dogo asubuhi, hapa tutaingia siku ya kwanza kwa sababu ni kina cha kiunoni kwa mwendo mrefu. Nilichora ukingo, nikachora gari lake. Aliniambia nitafute viatu vya mpira vya soli nene, kwa sababu mawe ya pwani yale yanakata. Alinifundisha ishara za mikono: panda, shuka, niko salama, hewa inaisha. Nilizifanya peke yangu jikoni wakati ugali unaiva. Mtu anayezamia, alisema, akimaliza hatakiwi kupanda ndege kwa siku nzima, wala kupanda mlima.

"Basi Sumbawanga kungekuwa kumekatazwa," nikasema, na tulicheka wote wawili mpaka mtandao ukakatika.

Nilikuwa sijacheka na Maxi tangu alipoingia seminari akiwa na miaka kumi na minne. Jumatano ikawa siku yangu. Nilifunga mashine mapema, nikaoga, nikavaa shati safi kana kwamba ataniona. Binti yangu Lydia, aliyeko Dodoma, aliniuliza kwenye simu kama nimepata mchumba. Nikamwambia nimepata pasipoti.

Na kweli niliipata. Kilichobaki kilikuwa visa, pamoja na fomu ya afya ambayo mwenye duka la mitungi aliituma.

*

Fomu ile ilikuwa na maswali mengi. Daktari aliyeniona alikuwa dada kijana, mpole, jina lake Herieth, na aliyasoma kwa sauti moja baada ya jingine. Moyo, hapana. Pumu, hapana. Alipofika kwenye masikio aliwasha kitochi chake, akaangalia la kulia, akaja la kushoto. Hapo alikaa sana.

"Mzee, hili sikio limewahi kutoa usaha?"

"Zamani. Likakauka lenyewe."

"Kiwambo kina tundu. Si dogo." Alizima kitochi. "Kuogelea kwenyewe usiingize maji humo. Kuzamia siwezi kukusainia. Maji yakiingia ndani ya sikio ukiwa chini kule, utapata kizunguzungu, hutajua juu ni wapi na chini ni wapi."

Nikamuuliza kama kuna dawa. Alisema kuna upasuaji, lakini si hapa, na hata ukifanyika hawezi kuniahidi. Nikakunja fomu, nikamshukuru. Nilirudi Pito kwa miguu ingawa bajaji zilikuwepo.

Jumapili iliyofuata nilimwambia Stumai. Aliimimina chai kwenye kifuniko, akanipa.

"Mwambie mapema," alisema. "Usimwache mtu anaandaa kitanda."

Lakini Jumatano mbili zilipita sikumwambia. Maxi alisema amepata nyumba ndogo karibu na maji, tutakaa siku kumi na nne, nikaandika siku kumi na nne. Akasema nyama ya mbuzi ya huko ni nzuri, nikaandika mbuzi. Nilijua nikilitamka lile neno tundu, tutarudi kwenye Krismasi na Pasaka.

Jumatano ya tatu nikalitamka.

Nilisikia upepo wa kwake, kisha mlango ukifungwa.

"Pole, kaka," alisema hatimaye. "Basi itabidi nikuulize hapa hapa. Nilipanga nikuulize ufukweni, tukishatoka majini. Mtu akitoka chini anakuwa amechoka, hana nguvu ya kudanganya. Mimi nikiwa mmojawapo."

"Uniulize nini?"

"Mama aliugua siku ngapi?"

Miaka saba kabla ya hapo nilimpigia simu asubuhi aliyofariki mama, nikamwambia imekuwa ghafla. Tulimzika kesho yake. Maxi alimwombea misa kule peke yake, mbele ya watu ambao hawakumjua. Neno ghafla lilikaa kati yetu tangu hapo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeligusa.

"Fransisko alipita huku mwaka juzi," alisema. Fransisko ni binamu yetu, naye ni padri. "Alidhani najua."

Nikaketi juu ya gunia la pumba.

"Siku tisa," nikasema.

"Siku tisa ningefika."

"Ungefika."

Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa rahisi. Alisubiri tu, na mimi nikamweleza nilichokuwa sijamweleza hata marehemu mke wangu. Ilikuwa kichomi, na mama alikataa kulazwa. Siku ya pili homa ilimpanda kichwani. Nilipoingia na uji alinitazama, uso wake ukang'aa, akasema, "Maxi, umekuja." Nikasema, mama, ni Cleophas. Hakusikia. Akaniita Maxi tena, akanishika mkono, na akaula uji wote, yeye aliyekuwa hali kitu tangu jana yake. Basi jioni aliponiita Maxi, nikaitika.

"Niliitika siku nane, Maxi. Mimi ndiye niliyekaa. Nimemlimia, nimemsagia, nimemkatia kuni tangu baba afariki, na siku za mwisho alimtaka asiyekuwepo. Nilikasirika. Nikasema kama ni Maxi anayetakiwa, Maxi ninaye hapa hapa, sina haja ya kumwita mwingine. Kila siku nilisema kesho nitapiga simu. Ikafika siku ya tisa."

Nilitazama simu kuona kama bado tupo.

"Aliniambia nini?" mdogo wangu akauliza.

Sikuelewa kwanza.

"Siku zile nane," alisema, sauti imepungua. "Alikuwa anaongea na mimi. Aliniambia nini?"

Sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo hivyo. Nilidhani nimemwibia kifo cha mama. Sikujua kwamba nilikuwa nimetunza maneno yake. Nikaanza kumpa, moja moja, kadiri nilivyokumbuka. Alikuuliza kama huko wanakupa kande. Alikuambia ng'ombe wa kijivu amezaa, ndama ana baka jeupe usoni. Alisema usiweke viatu vibichi karibu na moto, vitapasuka kama vile vya mwaka ule. Alikutania kuhusu siku uliyolala shambani nyani wakamaliza mahindi. Alikuomba umbariki, nikaogopa, nikamgusa paji la uso nikanyamaza, akasema amina. Maxi alikuwa akilia, hakujificha. Kila nilipotua alisema, "Na kingine?" Na mimi nikatafuta kingine, mpaka giza likaingia ndani ya banda la mashine na chaji ya simu ikawa inaisha.

"Asante, kaka," alisema mwishoni. Halafu, "Sijui bado kama nimekusamehe. Nitakuambia."

Jumatano iliyofuata hakupiga. Wala ile nyingine. Nilioga, nikavaa shati, nikakaa. Wiki sita.

*

Sikwenda Bonaire. Baada ya hizo wiki sita Maxi alipiga kusema ameomba tiketi ibadilishwe, akaja yeye, mwezi wa saba, wakati upepo wa Ufipa unapokata ngozi. Alishuka kwenye basi mwembamba, mvi zimejaa, anatetemeka, nikamvalisha koti langu hapo hapo stendi. Alikaa siku kumi na mbili. Nyumba ilijaa watu tangu asubuhi: shikamoo Padri, tubarikie mtoto, tubarikie mbegu. Kifipa chake kilikuwa kimeota kutu, na watoto walimcheka. Siku ya tatu alichukua jembe akaenda kaburini kwa mama peke yake. Nilimwona kwa mbali akipalilia, nikamwacha. Jioni alirudi na udongo magotini, tukala, tukaongea habari za bei ya mbolea. Jambo la siku tisa hatukuligusa tena. Usiku wa mwisho alisema tu, "Nimekusamehe, kaka. Nilisema nitakuambia." Nikaitikia kwa kichwa, nikasogeza taa.

Asubuhi nilimsindikiza stendi. Tulisimama kando ya basi, wapakizi wanapandisha magunia, na kwa mara ya kwanza katika siku zile kumi na mbili hakukuwa na mtu kati yetu.

"Kaka," alisema. "Siku ile kwenye simu. Yale ndiyo yote? Hakusema kitu kingine?"

Kilikuwepo kimoja. Siku ya nane, jioni, mama alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, akasema, "Maxi, kaka yako Cleophas hajui kuomba kitu. Usimwache peke yake." Nililibeba neno hilo miaka saba. Kwenye simu nililifikia, nikaliruka. Pale stendi lilinifika tena mdomoni. Dereva alipiga honi. Maxi alikuwa na misa ya kusoma Jumapili ile ng'ambo ya bahari, na watu waliomzoea, na barabara yake yenye mawe ya njano. Kumwambia kungekuwa ni kumshika koti asipande.

"Ndiyo yote," nikasema.

Alinichora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba, akapanda. Basi lilipokata kona ya kwenda Tunduma nikawa bado nimesimama, mpaka mpakizi mmoja aliniomba nipishe mkokoteni.

Nilipofika Pito akina mama walikuwa wameshapanga ndoo zao mlangoni pa mashine. Rhoda, jirani yangu, alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Padri kaondoka salama?"

"Salama," nikasema, nikapokea ndoo yake ya mahindi.