Nasaba ya Antivirusi

Onyo jekundu lilikuwa siku ya nne likimeta kwenye kompyuta, kwamba haina kinga, na Babu Mahrous alikuwa bado anauliza kabila.

"Hii antivirusi ya kwanza, kwao wapi?"

"Slovakia, babu," alijibu Rawya, mjukuu wake.

"Na hiyo nyengine?"

"Ya Wacheki. Ile ya Waromania, na ile ya Warusi. Nyingi zimezaliwa upande huohuo wa Ulaya. Virusi viliwavamia mapema, wakajifunza kuviua."

"Yaani kwenye ugonjwa ndiko kwenye waganga." Akanywa funda la kahawa. "Hapa Ibra mtu hafunguliwi mlango kwa kujua kubisha tu, mwanangu."

Rawya akalitazama tena lile onyo. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya bibi yake, marehemu Fakhriya: saa sita za hadithi na nyimbo za harusi, alizozirekodi Rawya kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Nakala nyingine hakuna. Na kila akiomba kinga, babu huuliza nasaba yake, kana kwamba Mslovakia amekuja kuposa.

Alasiri akaingia Hood, mpwa wa babu, kutoka Sur, pwani ya Omani, na flashi ya picha za harusi ya binti yake. Huyo hakuulizwa neno.

"Damu yetu huyu," alisema babu, akaichomeka flashi kwa mkono wake.

Rawya aliporudi na halwa, majina ya mafaili ya bibi yalikuwa yamegeuka herufi zisizosomeka. Akabonyeza la kwanza. Kimya. La pili. Kimya.

"Mslovakia hakuingia, babu," alisema taratibu. "Basi kaingia nani?"

Hood akavitazama vidole vya miguu yake. Mzee akakiweka chini kikombe chake cha kahawa.

"Tuliporudi kutoka Unguja, kila mlango wa hapa tuliulizwa: nyinyi mnaosema Kiswahili, wa wapi? Bibi yako ndiye aliyejibu. Mimi nilisimama nyuma yake."

Hasira aliyoinoa Rawya siku nne ikakosa pa kukata. Akaichomoa flashi, akaiweka kando ya sahani ya halwa.

"Huyo Mslovakia," babu akauliza, "bado yuko nje?"

"Bado."

"Mfungulie."

Kama atakuta kitu cha kuokoa, hakuna aliyejua. Rawya akabonyeza. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa, polepole, kama mgeni anayevua viatu kizingitini.