Nyufa za Fuwele

Profesa Thorlund hakuwa na shaka na jambo lolote, hasa yale asiyoyajua. Miaka nenda miaka rudi aliwafundisha wanafunzi wa Kopenhagen kwamba himoglobini, ile protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ni kama bakuli: lijae, liwe tupu, umbo ni lile lile. Msaidizi wake Vibeke alishikilia kwamba hubadili umbo kila inaposhika oksijeni. Ndiyo maana alikuza fuwele zake za himoglobini bila oksijeni, ndani ya mirija iliyozibwa kwa nta.

Taabu ni kwamba Profesa hakuamini kitu mpaka akitie mkono, na kila alipozibua mrija, fuwele zilipasuka.

"Mikono yako mizito, binti," alimwambia. "Zikipasuka tena mbele ya mgeni, funga virago."

Vibeke aliwaka moto hadi masikioni, akaenda kuziba mrija mwingine kwa nta.

Mgeni alikuwa Dokta Ståhl kutoka Lund, mama wa makamo asiye na maneno mengi. Aliinamia hadubini akaziona fuwele za zambarau zimetulia. Profesa, aliyewashwa na hamu ya kuonyesha kazi ilivyo mbovu, akaichokonoa nta kwa kisu chake cha mfukoni.

"Zinageuka nyekundu," alisema Dokta Ståhl, jicho lingali kwenye hadubini. "Na zinapasuka, kuanzia upande hewa inakoingilia."

"Si nilikwambia? Ovyo kabisa."

"Zilikuwa nzima hadi ulipozipa oksijeni, Profesa. Molekuli zimebadili umbo, fuwele ikashindwa kuvumilia. Bakuli lako limejikunja."

Thorlund akakohoa, akafuta miwani isiyo na uchafu.

Wakati wa chakula cha mchana alikuwa ameshapona. Akainua glasi juu ya samaki wa siki. "Kwa ugunduzi wetu. Siku zote nimesema himoglobini hubadilika."

Kwa desturi ya huko, aliyeinua glasi hanywi wala haishushi kabla ya kutazamana machoni na mwenzake. Profesa akamtafuta Dokta Ståhl. Mwenzake anatoa miiba ya samaki. Akamgeukia Vibeke, Vibeke anautazama mkate wake.

"Binti, mkono unaniuma."

"Itakuwa ni mzito. Nafasi yangu je?"

"Unabaki, bila shaka."

"Na ugunduzi ni wa nani?"

Kinywaji kilimtiririkia ndani ya mkono wa koti. "Wako," alinong'ona.

"Dokta Ståhl hajasikia."

Akarudia, safari hii meza nzima ikasikia. Hapo Vibeke akainua macho, akamtazama, akanywa.