Mfuko Uliogandishwa

Mama Asho aliingia wodini akiwa amekumbatia mfuko wa lishe ndani ya leso iliyolowa.

"Salaam aleikum, daktari. Chakula cha Abdinajib kiko salama. Nimeweka kwa friza yangu huko Kiwanjani, chini kabisa, pale maziwa ya ngamia inakuwa jiwe."

Mimi si daktari, nilisomea famasia tu, lakini sikuwa na nguvu ya kumsahihisha. Asubuhi stima ilipotea na jenereta ikakataa kuwaka. Nilipokimbilia kliniki ya chanjo kuomba boksi la baridi, Mama Asho alimwomba nesi Wato mfuko akaondoka nao. Mwanawe alikuwa amepasuliwa utumbo. Hakuweza kula, na mfuko ule mweupe unaopitia mshipani ndio uliobaki mpaka mwingine utoke Nairobi.

Niliuinua dirishani. Barafu ilikuwa imeyeyuka. Niliugeuza taratibu, nikaugeuza tena. Ulionekana mzima. Nilitamani uwe umeharibika waziwazi, nipate kitu cha kumwonyesha.

"Unatafuta nini? Maziwa yangu inafika Nairobi ikiwa jiwe, inayeyuka, watu wanapika chai. Umesikia nani amekufa?"

"Hayo yanaenda tumboni, mama," nilinong'ona.

"Sema kwa sauti," Wato aliniambia kutoka kando ya kitanda.

"Haya yanaenda kwenye damu. Yakiganda, mafuta yake yanashikana, na matone makubwa yanaweza kuziba mapafu, hata kama hatuyaoni. Sitamwekea."

Abdinajib alifungua macho. "Mama, umenipikia vizuri. Umezidisha barafu tu."

Mama Asho hakucheka. Aliketi, akainuka, akaketi tena. "Kumbe nimemnyima mtoto wangu chakula."

Nilitaka kumshika mkono. Badala yake nilimwambia kwamba dripu ya sukari itamsaidia mwanawe mpaka kesho, lakini si zaidi, na kwamba gari la hospitali, ambalo lingetuletea mfuko mwingine, lilikuwa limeenda Oldonyiro.

Tayari alikuwa anampigia simu dereva anayempelekea maziwa Nairobi. "Shire, usirudi na mitungi mitupu leo. Kuna mzigo wa Abdinajib hospitalini huko Nairobi." Akasikiliza, kisha akanigeukia. "Anauliza, baridi ya namna gani?"

Niliichukua simu mkononi mwake kabla sijafikiria.

"Baridi ya friji, si ya friza. Usiulaze juu ya barafu. Sasa rudia nilivyosema."

Akarudia. Nikamwambia arudie tena.