Mstari wa Mia Nne na Kumi na Mbili

Saa nne na nusu asubuhi, picha ya eksirei ya nyonga ya mama wa fundi wa kompyuta ilikuwa bado imekwama zahanati, na Rula ndiyo kwanza amefika mstari wa tisini na tatu.

Rula ni mkuu wa kitengo cha kompyuta hospitalini. Jina hilo alilipata kwa sababu kukitokea hitilafu yoyote huchapisha kanuni zote za ukuta wa mtandao, zile amri zinazosema nani apite na nani akataliwe, kisha huzisoma kwenye karatasi kwa rula, mstari mmoja mmoja. Kanuni zilikuwa elfu moja na mia tatu, karibu kila anwani ya kompyuta na mstari wake.

"Mkuu, nakuomba," fundi alisema, akijizuia asipige meza. Alikuwa msaidizi wake kwa miaka mitatu, na miaka yote hiyo ombi lake lilikuwa hilo hilo. "Tuziweke zote kwenye ramani moja. Huku anwani, huku jibu lake, pitisha au kataa. Kanuni moja tu inatosha."

"Binti, nikiwatia wote gunia moja nitamjuaje nani ni nani? Tulia. Tisini na nne."

Atulie vipi? Daktari wa mifupa alikuwa anaondoka saa saba kwa likizo ya wiki mbili, na alishasema hapasui mtu kwa picha iliyopigwa kwa simu. Zahanati, alikokuwa mama, ilikuwa mwendo wa saa nne kwa gari. Ilifunguliwa wiki ile, katika jengo lililokuwa ghala la dawa, na Rula aliapa kwamba anwani yake ameipitisha kwa mkono wake mwenyewe. Kweli, ilikuwa pale, mstari wa mwisho kabisa. Fundi aliitafuta faili zima, hakuiona penginepo. Ukuta ukaendelea kukataa.

Mama akapiga simu. "Mwanangu, hiyo picha inakuja kwa miguu?"

"Inakuja, mama. Umemeza dawa ya maumivu?"

"Nimemeza. Haina lolote."

Saa sita ilipopita, Rula yuko mia mbili themanini na nane, akavua miwani kuifuta. Hapo fundi alichoka kabisa. Alizinakili kanuni zote kwenye kompyuta ya majaribio na kuziingiza kwenye ramani, ruhusa asiombe kwa mtu. Ramani haikubali anwani moja iwe na majibu mawili, na hii nayo ikagoma: anwani ya zahanati imo ndani ya fungu jingine, lenye jibu tofauti. Mstari wa mia nne na kumi na mbili.

Kumbe mstari ule haukutaja anwani ya zahanati. Ulikataa fungu zima la anwani za ghala, mia mbili na zaidi kwa mpigo, ndiyo maana hakuuona alipotafuta. Na ukuta husoma kutoka juu. Ukipata jibu, hauhangaiki na ya chini.

"Mjinga gani aliyeandika hivi?" alifoka.

Rula alifunua karatasi zake bila haraka, akaweka rula, akasoma maelezo ya pembeni kwa sauti. "'Kompyuta ya ghala ina virusi. Ni ya muda tu, nitaifuta kesho.' Na jina lako hili hapa." Akamtazama juu ya miwani. "Kesho ya mwaka gani, binti?"

Uso ulimwaka kwa aibu. Aliufuta mstari, na saa saba kasoro dakika kumi picha ikaingia kwa daktari, ambaye alikuwa ameshabeba mkoba. Daktari aliutua, akaagiza gari la wagonjwa.

Mama akapiga tena. "Wanasema wanakuja kunichukua. Huyo aliyeifungia picha yangu asubuhi nzima umemwona?"

"Nimemwona, mama."

"Umemsema?"

"Bado namsema."